Mashahidi Wawili wa Dashibodi

Miongoni mwa vitu ambavyo binadamu huviamini pasipo kuvitaka dhamana, sijui kilichopewa imani kubwa kwa sababu ndogo kama mshale wa geji ya mafuta. Kwani mtu yule yule ambaye hamwamini muuza nyama mpaka aione mizani kwa macho yake, wala hamkopeshi ndugu yake wa tumbo moja pasipo shahidi, huketi nyuma ya usukani, akautupia mshale huo nusu ya jicho, kisha akaiweka safari yake, na roho yake, na roho za wote aliowapakia, katika amana ya kijichuma chembamba ambacho hakijapata kuyaona mafuta tangu kilipotoka kiwandani.

Mahali pengine imani hiyo haina madhara makubwa. Mtu aishiwaye mafuta jijini Dar es Salaam hupata fedheha, na honi, na matusi ya madereva wenye haraka, lakini aghalabu sheli huwa anaiona kwa macho kutoka pale alipokwama. Katavi sivyo. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni nchi ya miombo na mbuga, ambamo miji ni michache na masafa ni marefu. Mtu akitoka Mpanda kwa njia ya kusini hufika Sitalike baada ya kilomita zipatazo 35, na akiisha kulivuka daraja la Mto Katuma huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa baadaye hata ikatimia kilomita za mraba 4,471, ambamo viboko hawana idadi na sheli hakuna hata moja. Akishika njia ya mashariki, kwenda Tabora kwa kupitia Inyonga, atasindikizwa na miti mpaka aichoke. Na akielekea magharibi, Karema, mwisho wa safari ni maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo injini haiyanywi. Fauka ya hayo, mafuta yenyewe hutoka bandari za mwambao, upande wa pili wa nchi, hata mamlaka ya udhibiti, EWURA, inapotangaza bei kikomo za mwezi, bei ya Mpanda haikosi kuwa juu kuliko ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo katika nchi hii lita moja ya petroli ni mali, na anayekudanganya habari za mali yako ni adui, ajapokuwa mdogo kama ukucha.

Gari ninalokusudia kulisimulia lilikuwa Land Rover pikapu, ya lile toleo la tatu lililotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ambalo lilinifikia likiwa limekwisha kuwatumikia wengi, nami nikalipokea kwa taadhima anayostahili mstaafu. Katika magari hayo tenki la petroli, lichukualo lita 45 hivi, limewekwa chini ya kiti cha dereva. Basi dereva huwa ameyakalia mafuta yake mwenyewe, karibu nayo kuliko alivyo karibu na abiria wake, na juu ya ukaribu huo hana njia ya kujua kiasi chake ila kwa kuiuliza dashibodi. Na katika dashibodi hiyo, ndani ya sahani moja, zimekaa geji mbili kama mashahidi wawili kizimbani: mmoja hutoa ushahidi wa mafuta yaliyomo tenkini, na mwenziwe hutoa ushahidi wa joto la maji ya injini.

Mashahidi hawa walikuwa na tabia zilizopingana. Yule wa mafuta alikuwa mkarimu kupita kiasi: ukitia nusu ya tenki alitangaza tenki zima, na ukibakiwa na kidogo alikuahidi kingi. Yule wa joto alikuwa mwoga: hata asubuhi ya mwezi wa Julai, wakati baridi ya Mpanda inapowafanya watu wazima wavae makoti mawili, gari halijafika hata stesheni ya reli, yeye alikwisha uelekeza mshale wake kwenye rangi nyekundu na kutangaza kiama. Mmoja alihubiri neema na mwingine alihubiri adhabu, na katikati yao alikaa dereva, ambaye kwa kadiri ya maumbile ya wanadamu aliyafurahia maneno ya yule wa neema na kuyahofia ya yule wa adhabu, wala haikumpitikia kwamba yamkini wote wawili wamefundishwa maneno hayo na mwalimu mmoja.

Zilipata kwanza kupita wiki ambazo ukarimu wa shahidi wa mafuta ulimletea taabu mtu asiyehusika. Jioni gari lilikuwa likiegeshwa na tenki lililosemekana kuwa limejaa. Kesho yake likaenda mizunguko michache ya mjini, Majengo na Makanyagio, na likazimika kwa ukame. Mafuta yamekwenda wapi? Mjomba wangu, mtu wa makamo aliyepata kuwa karani na ambaye hukumu zake hutoka kabla ya mashitaka hayajasomwa, alikata shauri papo hapo kwamba yameibwa usiku kwa mpira, na kwamba mwizi hawezi kuwa mwingine ila mlinzi, maana nani mwingine alikuwa macho saa hizo? Mlinzi, mzee wa Kikonongo mwenye rungu, tochi na subira, alijitetea kwamba yeye saa hizo hakuwa macho hata kidogo, utetezi ambao ulimwondolea shitaka la wizi na kumtia katika shitaka jingine. Kikanunuliwa kifuniko cha tenki chenye kufuli. Mafuta yakaendelea kupungua vile vile, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa Mjomba mwenyewe. Naye kwa insafu yake hakujishuku.

Kisha ikaja safari ya harusi. Ndugu zetu wa Usevya, kule Mpimbwe kwenye mashamba ya mpunga, walikuwa wakioza binti, nasi tukaondoka Mpanda alfajiri, Mjomba ameketi mbele kwa haki ya umri, Mwalimu wa hisabati, jirani yetu, ameketi katikati kwa haki ya unene, na nyuma wakapanda akina mama na vijana, pamoja na masufuria ya kukodi na jogoo ambaye tangu Mpanda hadi Sitalike hakuacha kuwika. Mshale wa mafuta ulisimama penye ujazo kamili. Sitalike tukatua kidogo kuwatazama viboko wa Katuma, ambao wakati wa kiangazi, maji yanapokauka, husongamana katika madimbwi machache hata usiweze kujua kichwa cha huyu kinaanzia wapi na mgongo wa yule unaishia wapi. Halafu tukaingia hifadhini, na ndorobo wakatupokea. Msomaji asiyewajua ndorobo na aambiwe kwamba ni mbung'o wa miombo, na kwamba wadudu hawa, badala ya kukimbia gari linapopita, hulifukuza, kwa sababu huvutwa na kila kitu kikubwa kinachokwenda. Gari likisimama, huingia ndani kutafuta sababu.

Nalo likasimama. Lilikohoa, likashtuka, likakohoa tena, kisha likanyamaza katikati ya barabara ya vumbi, mbele ni miombo na nyuma ni miombo. Tukautazama mshale wa mafuta: umekaa karibu na robo, umetulia, hauna wasiwasi. Tukautazama mshale wa joto: umo ndani ya nyekundu. Hapakuwa na haja ya kadhi. Mjomba akatoa hukumu kwamba injini imeungua, na kwamba dawa ya moto inajulikana tangu enzi za mababu. Maji yote ya kunywa ya akina mama yakaletwa kwenye rejeta. Rejeta ikafunguliwa kwa kitambaa na kwa dua. Ikakutwa imejaa pomoni, hata tone moja halikupata pa kuingilia. Mtu mwingine angalitafakari kidogo juu ya injini iliyoungua ilhali ina maji yake yote, lakini Mjomba alisema kwamba kama maji hayaingii ndani basi na yaisaidie kwa nje, yakamwagwa juu ya rejeta mpaka chupa ya mwisho, na ardhi ya Katavi ikayanywa kwa shukrani.

Tukangojea injini ipoe. Katika kungojea huko Mwalimu, ambaye hakupenda muda upotee bure, alitoa kalamu akatufanyia hesabu: tenki huchukua lita 45, robo yake ni lita kumi na moja na ushei, gari kama hili hula lita moja kwa kilomita sita hivi, basi tunazo kilomita zaidi ya 60, na Kibaoni haiko mbali kiasi hicho, kwa hiyo, alihitimisha, mafuta si tatizo. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa toka mwanzo hata mwisho, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba mafuta yenyewe hayakuwapo. Bibi mmoja miongoni mwa akina mama alikumbusha kwa upole kwamba tumepita katika nchi ya Katavi, yule mzimu ambaye Wabende husema makao yake ni kwenye mkwaju ulio karibu na ziwa lenye jina lake, na ya kwamba wazee hawakupita huku pasipo salamu. Hakuna aliyemcheka. Mimi nilitamani kushuka niutazame uvungu wa gari, lakini hifadhini haijuzu kushuka ovyo, na hata kama ingejuzu, kulikuwa na mavi ya tembo barabarani ambayo hayakuwa yamekauka.

Zikapita saa nyingi, injini ikapoa hata ikawa baridi kuliko sisi, na bado haikuwaka. Hatimaye lori la mchele likatokea upande wa Kibaoni, likasimama, na dereva wake, mtu mfupi mwenye kofia ya kushona, akateremka akasikiliza maelezo yote ya Mjomba pasipo kumkatiza, jambo ambalo ni adabu. Kisha akaniomba ninyanyue kiti, akapiga tenki kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti ya ngoma. Akapiga upande mwingine, ikawa ngoma ile ile. Akasema, "Wazee wangu, gari hili halina homa, lina njaa." Tulifurahi, halafu tukahuzunika, kwani lori lake lilikuwa la dizeli na letu la petroli, naye hakuweza kutupa ila salamu na ahadi ya kufikisha habari Sitalike. Ahadi aliitimiza. Kidumu cha petroli kilitufikia jioni kwa mkono wa konda wa basi, pamoja na bei ambayo haijapata kutangazwa na EWURA, na tulifika Usevya wakati bibi harusi amekwisha kuolewa, pilau imekwisha kuliwa, na jogoo wetu, ambaye hakutakiwa tena na mpishi, akasalimika na kurudi Mpanda akiwa mzima.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Nasi sasa tulijua kwamba upo uwezekano ikawa kilomita themanini.

Habari ilipoenea mtaani, kila mtu alijitokeza na dawa. Wako waliosema geji imechoka, inunuliwe mpya, na miongoni mwao alikuwamo muuza vipuri, ambaye kwa bahati alikuwa na geji mpya. Wako waliosema tenki lina tundu. Wako waliosema petroli ya siku hizi huruka hewani. Mjomba, akiwa bado ana kinyongo cha maji yaliyomwagika, alipendekeza gari liuzwe kwa mtu asiyekuwa na haraka. Aliyetuponya ni kijana fundi umeme wa magari, mwenye gereji ya bati si mbali na stesheni, ile stesheni ambayo ni mwisho wa reli iliyoletwa kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, migodi ikafungwa na reli ikabaki. Kijana akamwamkia Mjomba, "Shikamoo, Mzee," akaitikiwa "Marahaba" kwa sauti ya mtu asiyetaraji kitu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza: "Geji ya mafuta inapanda kuliko haki yake. Na ya joto je?"

Akaambiwa nayo hupanda.

"Basi Mzee wangu," akasema, "geji mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Zinakula chungu kimoja. Tutazame chungu."

Hapa inafaa nieleze kwa ufupi vile mambo yalivyo nyuma ya dashibodi, kwa kuwa wengi huishi na vyombo hivi umri mzima pasipo kujuana navyo. Geji ya mafuta ya gari la namna hii haipimi mafuta. Ndani ya tenki mna boya, lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipanda boya hupanda, yakishuka hushuka, na mkono wake husugua juu ya waya mwembamba uliozungushwa, ambao huupa umeme njia rahisi boya likiwa juu na njia ngumu boya likiwa chini. Umeme huo hupita katika geji na kukipasha moto kipande cha chuma kilichounganishwa kwa madini mawili yasiyotanuka sawasawa; kipande kikipata moto hupinda, na kupinda kwake ndiko kunakousukuma mshale. Ndiyo sababu mshale huo huenda polepole, kwa heshima, wala hauruki tukipita kwenye mashimo. Kwa hiyo anayesema "tenki limejaa" kwa hakika anasema "nimepata moto mwingi," na yule wa joto la injini husema neno lilo hilo kwa njia iyo hiyo.

Sasa, umeme wa betri hauna kima kimoja. Injini ikinguruma hupanda, ikilala hushuka. Ili geji zisiyumbe, watengenezaji waliweka nyuma ya dashibodi kijisanduku kidogo kiitwacho stebilaiza, ambacho huukatakata umeme na kuuachia vipande vipande, hata wastani wake ukawa volti kumi, na geji zote mbili zikapata chakula kilichopimwa. Lakini kijisanduku hicho hakiwezi kufanya kazi yake kisipokuwa na erthi, yaani mgusano safi na bodi ya gari, na mgusano huo hupitia kwenye skrubu iliyokikaza. Skrubu ikilegea, au ikala kutu, kijisanduku hukoma kukata, umeme wote wa betri ukapita bila kupimwa, na geji zote mbili zikapata moto kuliko haki yao. Wa mafuta husema neema, wa joto husema kiama, na hakuna hata mmoja mwenye ubaya moyoni.

Fundi alifungua dashibodi kwa bisibisi, akashika taa yake ya majaribio, akagusisha upande mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye mdomo wa stebilaiza, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa iliyopaswa kupepesa, ikiwaka na kuzima, ikawaka mfululizo bila kupepesa. Akamwita Mjomba ashuhudie. Kisha akaifungua skrubu, na chini yake pakaonekana vumbi jekundu la Katavi, na rangi ambayo mwenye gari wa zamani aliipaka bila kubagua, na kutu. Akapakwaruza kwa kipande cha msasa mpaka chuma kikang'aa, akaikaza tena, na taa ikaanza kupepesa. Mshale wa joto ukashuka kutoka kiamani ukakaa mahali pa wastani. Mshale wa mafuta ukashuka kutoka kwenye neema ukakaa penye ukweli, nao ulikuwa ukweli wa kusikitisha. Gharama yote ilikuwa msasa, na jasho, na soda mbili.

Laiti mambo yangaliishia hapo, ningaliweza kuisifu dunia. Lakini mtu aliyezoea kusema uongo haponi kwa dawa moja. Geji ya mafuta sasa ilisema kweli tangu ujazo hadi karibu na robo, na hapo mshale ulianguka ghafla penye utupu, ukalia ufukara ilhali mafuta bado yapo. Fundi akang'oa waya wa betri kwanza, akamwomba Mjomba aende akaivutie sigara yake upande wa pili wa barabara, akanyanyua kiti, akaufikia mfuniko wa boya juu ya tenki. Kabla hajaligusa boya alitaka kujua kama ubaya uko kwake au kwenye waya unaokwenda mbele: akarudisha betri, akauchomoa ule waya juu ya boya, mshale ukashuka chini kabisa, akaugusisha waya kwenye chesisi kitambo kidogo, mshale ukapanda polepole hata juu kabisa. Basi waya ni mzima, na geji ni nzima, na yule muuza vipuri akose. Mgonjwa ni boya.

Likatolewa, likakutwa zima lenyewe, halina tundu wala halikunywa petroli. Lakini ule waya mwembamba wa kusugulia ulikuwa umelika na kukatika mahali pamoja tu, sehemu ya chini, panapolingana na robo ya tenki. Juu ulikuwa mpya kama siku ya kwanza. Mjomba aliuliza sababu. Fundi akajibu, kwa taadhima lakini bila kupepesa macho, kwamba boya husugua pale linapokaa, na kwamba gari ambalo kwa maisha yake yote limetiwa lita tano tano, boya lake hukaa robo, hutikiswa robo, na kuzeeka robo. Hakuna kitabu cha mapato na matumizi kilichopata kuandikwa kwa insafu kama waya ule. Mjomba alilitafakari neno hilo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa hukumu.

Palikuwa na boya la Toyota karibu, la bei rahisi, na Mjomba alilipenda. Fundi akalikataa, akaeleza kwamba kila kampuni imejichagulia kipimo chake cha ugumu wa umeme, na kwamba boya hilo hata tenki likiwa kavu lingeiambia geji ya Land Rover kwamba bado yamo, na hapo tungerudi kwenye barabara ile ile, kwa ndorobo wale wale. Likatafutwa boya la asili kutoka gari lililokufa, likatiwa gaskiti mpya, na kwa kuwa tenki lenyewe limekaa juu ya mipira, fundi akaongeza waya wa erthi kutoka mfuniko wa boya hadi kwenye chesisi, kwani erthi ikiwa dhaifu hapo, geji husingizia ufukara. Kisha tenki likamiminwa mafuta kwa kidumu cha lita tano, kidumu kwa kidumu, na kila kidumu Mwalimu akatia alama kwenye ufito mrefu wa mti na kuandika mshale uliposimama. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu anayelipa deni.

Wala tusidhani kwamba ni sisi tu wa Mpanda tuliofikwa na haya. Tarehe 23 Julai 1983 ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada, ikiwa na watu 69 ndani, iliruka huku geji zake za mafuta hazifanyi kazi. Wenyewe wakapima tenki kwa vijiti, na vijiti vikasema kweli, lakini katika kugeuza lita kuwa uzito wakatumia ratili mahali pa kilo, hata wakaondoka na chini kidogo ya nusu ya mafuta waliyoyahitaji. Ndege ikaishiwa mafuta angani, futi 41,000 juu ya Kanada, injini zote mbili zikazima, na rubani Robert Pearson, aliyepata kujifunza kurusha ndege zisizo na injini, akaiteremsha kwa upepo mtupu mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi mahali paitwapo Gimli, pasipo kufa mtu hata mmoja. Nilipomsimulia Mwalimu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wale walikuwa na kipimo sahihi wakakosa hesabu, nasi tulikuwa na hesabu sahihi tukakosa kipimo, na kwamba lau tungalikutanishwa sote tungalitimiza safari moja njema.

Ama yule mlinzi, Mjomba alimwendea jioni moja na kilo mbili za sukari na majani ya chai, akakaa naye barazani kitambo kirefu akizungumza habari za mvua, na bei ya mahindi, na mambo mengine yote isipokuwa mafuta. Mlinzi alizipokea. Aliniambia baadaye kwamba yeye alikwisha kujua tangu mwanzo kuwa hakuna mwizi, kwa sababu mwizi wa Mpanda akipata mpira na tenki la petroli hawezi kubakiza hata tone la kuliwasha gari asubuhi. Lakini hakuna aliyemwuliza, kwani geji ilikuwa imekwisha kusema, na maneno ya geji ni mazito kuliko ya mlinzi.

Basi ewe msomaji mwenye gari la zamani, ukiona mishale yako miwili imepanda pamoja, usinunue geji mpya, usimwagie injini maji ya kunywa ya akina mama, wala usimfukuze mlinzi. Tafuta skrubu ya erthi, ikwaruze kwa msasa, ikaze. Na mpaka utakapokuwa na yakini, weka ufito chini ya kiti.